Kidole cha Octavian

Kitendawili, wajukuu zangu.

Itikieni basi, hata mlioko kazini. Ninacho mwenyewe, nimezaliwa nacho, lakini nimepanda pikipiki kwenda kukiomba kwa adui yangu. Ni nini hicho?

Fikirini taratibu huku mkisoma. Mkishindwa mtanipa mji, na nitachagua mji mkubwa, vijiji sivitaki.

Wiki iliyopita tulimwacha Marko, mwenye mashine ya kusaga na kukoboa kule Tindiga, amesimama jikoni kwa mkewe na kitu kigumu katikati ya meno. Mnakumbuka kilichomfikisha hapo. Yudith alikuwa kisimani. Simu yake ikalia juu ya mfuniko wa mtungi. Marko akachungulia, kama wanavyochungulia waume wote na kisha kukana. Ulikuwa ujumbe wa benki. Haukuanza na jina la Yudith, wala la Marko. Ulianza hivi: Ndugu Octavian.

Octavian wa Mikumi. Yule yule aliyekuwa mchumba wa Yudith kabla Marko hajaijua hata njia ya kwenda kwao Msowero.

Marko hakuuliza mtu. Alichomoa laini kwa ukucha, akaitia mdomoni, akafunga meno.

Kach.

Laini ikakatika. Akavitema vipande kwenye majivu, akageuka, na Yudith huyo hapo mlangoni na ndoo kichwani.

"Unatafuna nini?"

"Natafuna hawara yako."

Yudith aliitua ndoo bila kumwaga tone. Mwanamke akitua ndoo namna hiyo, wajukuu, sogeeni pembeni.

"Ulisoma ujumbe wote, au jina tu?"

"Jina lilinishibisha."

"Basi shiba vizuri, baba. Ile ilikuwa namba ya kufungulia hela ya pampu yetu."

Marko akageuka kuyatazama majivu.

Habari ya pampu hiyo ilikuwa imewachosha wote wawili. Injini ya mashine ile ni ya zamani, waliiacha wamisheni. Pampu yake ya dizeli ilikufa wakati mpunga ndio unaanza kuingia. Morogoro haipo, Dar haipo. Yudith akaisaka kwenye simu mpaka akaikuta katika duka moja la ng'ambo, imebaki moja tu. Duka lenyewe halitaki pesa za simu, linataka kadi ya benki. Marko hana kadi, Yudith hana. Yudith akasema yupo mtu Mikumi mwenye kadi. Marko akatoa hela kwa mkono wake, na mtu mwenyewe ni nani asiulize.

Ndipo mauzauza yakaanza. Muuzaji alitaka jina la mtaa na namba ya nyumba. Wakaandika ukweli: ukishavuka daraja, ulizia mashine ya Marko. Kompyuta ya ng'ambo ikakataa, lakini hela ikafungwa. Wakajaribu tena kwa sanduku la posta la kanisani. Hela nyingine ikafungwa juu ya ile ya kwanza. Benki wanasema haijatoka. Muuzaji anasema haijafika. Mwenye kadi anasema haitumiki. Hela imesimama njiani kama mbuzi aliyekataa kuvuka mto, humvushi wala humrudishi.

Mwisho muuzaji akalegeza kamba. Alisema mwenye kadi athibitishe kwa namba itakayotumwa na benki, leo kabla duka halijafungwa. Asipothibitisha, pampu inakwenda kwa mwingine, na hela itakaa kifungoni mpaka benki watakapojisikia.

Namba ikatumwa. Marko akaila.

"Kwa hiyo mwenye kadi ni Octavian," akasema.

"Ndiye."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungetoa hela?"

Marko alikuwa na lake linalomchoma zaidi. "Benki yake inaleta ujumbe kwenye simu yako kwa sababu gani?"

"Hilo kamuulize mwenyewe."

"Laini alikununulia yeye."

"Alininunulia yeye, wakati huo tulikuwa tunachumbiana. Wewe ulikuwa wapi?"

"Na mpaka leo iko kwa jina lake."

Yudith akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kanga mbili na mfuko.

"Nakwenda kwa mama, Msowero. Laini ile uirudishe kwa mkono wako mwenyewe, Marko. Ukiirudisha, nitarudi. Ukishindwa, jifunze kusonga ugali."

"Nimekuuliza, iko kwa jina la nani?"

"Nenda kaulize," Yudith akasema, na hakugeuka tena.

Sasa mnaona mzigo wa huyu bwana. Laini ikiharibika hairudishwi mpaka mwenye jina aende kwa wakala akaweke kidole kwenye kile kimashine. Na kwa jinsi Marko alivyojua, mwenye jina alikuwa mmoja tu chini ya jua. Akitaka mke, ni lazima akakiombe kidole cha mwanamume anayemwonea wivu. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Lakini waliotunga methali hiyo hawakusema mkono wenyewe ukiwa uliwahi kumshika mkeo unaubusu vipi.

Nje ya mashine alikuwepo Sendeka, mfugaji, mteja wa siku zote, anafunga magunia ya mahindi kwenye pikipiki ili ayapeleke kwingine.

"Mashine imelala," Sendeka akasema, "na naona mwenye mashine kaamkia upande mbaya."

"Shusha magunia, unipeleke Mikumi."

"Kuna nini huko?"

"Naenda kuomba kidole."

Sendeka aliacha kamba. "Kidole cha mtu?"

Marko akamweleza yote, maana mtu wa kukupakia humfichi. Sendeka alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Asubuhi umetafuna laini, mchana unataka kidole. Jioni utataka mkono mzima. Panda twende."

Njia nzima Marko alikuwa akiona picha kichwani, na picha zenyewe alizichora mwenyewe. Alimwona Yudith anacheka na simu sikioni. Alikumbuka jioni zile alizokuta mkewe kasimama nje akisema, haya, andika, saba, tatu, kisha akakata. Alipouliza, Yudith alijibu ni namba tu. Namba tu. Moyo wake ukasaga njia nzima, na moyo hauhitaji dizeli.

Mikumi waliikuta na malori yake yamejipanga pembeni mwa barabara kuu, madereva wanakula nyama choma. Duka la vipuri la Octavian lilikuwa na vigae sakafuni. Marko akaviona vigae kabla ya kumwona mtu. Akaona feni. Akaona kalenda yenye picha ya tembo. Akaona nyuma ya meza rafu nzima ya maboksi madogo yenye stempu za ng'ambo, mengi hayajafunguliwa, yamejaa vumbi. Kisha akaviona vidole vya Octavian juu ya meza, virefu, safi, kama vya padri. Akaficha vyake mfukoni, maana vyake vina pumba hata Jumapili.

Halafu likaja lile gumu kuliko yote. Octavian alimzidi umri, kwa hiyo salamu ilikuwa ya Marko kuitoa. Akaivuta toka chini kabisa, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe.

"Shikamoo."

"Marahaba, shemeji. Karibu kiti."

Shemeji. Wajukuu, kuna matusi yanayokuja yamevaa shati jeupe.

"Afadhali umekuja," Octavian akaendelea, akimsogezea soda ya baridi. "Nangoja namba tangu asubuhi. Nampigia Yudith hapatikani, na si kawaida yake."

Marko hakuigusa soda. "Kawaida yake ikoje?"

"Hupokea upesi."

Sendeka alikohoa, akasogea kutazama kalenda ya tembo.

"Laini imeharibika," Marko akasema. "Ilipata ajali."

"Ajali ya gari?"

"Ya meno," Sendeka akajibu bila kugeuka.

Octavian alitabasamu kwa upande mmoja. Tabasamu lile Marko angelitandika ngumi kama asingekuwa na shida na kidole cha mwenyewe. Badala yake akauliza lile swali alilokuja nalo toka jikoni.

"Kaka Octavian. Nieleze jambo moja. Kwa nini ujumbe wa benki yako unaingia kwenye simu ya mke wangu?"

"Akaunti niliifungua zamani kwa namba ile. Nikampa laini Yudith, mambo yetu yakaisha, namba ikabaki benki."

"Mambo yaliisha zamani. Benki iko hapo ng'ambo ya barabara, naiona kutoka hapa. Kwa nini hujaenda kubadilisha?"

Octavian alifungua mdomo. Wakati huohuo dereva wa lori akaingia na mkanda wa feni uliokatika, anataka mwingine kama huo. Octavian akamgeukia mteja, akapima mkanda, akauza, akarudisha chenji polepole. Dereva alipoondoka, alichukua funguo zake.

"Jioni haitungoji," akasema. "Twende kwa wakala."

Mmeona alivyolikwepa? Marko naye aliona.

Wakala alikuwa Goodhope, binti mmoja mwenye meza chini ya mwavuli, mbele ya gesti. Ulimi wake haukuwa na breki.

"Kaka Octavian, leo umekuja na walinzi?"

"Nirudishie laini, mama. Namba ni hii."

Goodhope akaandika namba, akasogeza kimashine. Octavian akaweka kidole. Kimashine kikalia, taa nyekundu.

"Futa jasho."

Akafuta, akaweka. Nyekundu.

"Jaribu kingine."

Nyekundu. Goodhope akainama kwenye kioo, akasoma, akainua uso. "Laini hii si yako."

"Niliinunua mimi."

"Kununua ulinunua. Hata mimi nanunua nyanya, shamba si langu. Zamani laini zilikuwa zinauzwa kama pipi. Zilipokuja habari za kusajili kwa vidole, kila laini ikapata mwenyewe. Hii ina mwenyewe, na si wewe."

"Nani?" Octavian akauliza. Akauliza upesi kuliko Marko, na uso wake ulikuwa umebadilika. Marko akauona ule uso. Aliujua. Ndio wake mwenyewe, aliouona asubuhi kwenye maji ya ndoo ya Yudith.

"Siruhusiwi kutaja jina mpaka kidole chake kifike hapa."

"Ni mwanamke?" Marko akauliza kwa sauti ya mbali.

"Ni mwanamume."

Marko akakaa kwenye ndoo ya mchanga ya kuzimia moto. Kumbe wako watatu. Kumbe alikuwa akimchukia Octavian bure, mwenzake mjinga tu, na mwizi mwenyewe yuko mahali fulani anakula wali. Wote wawili wakatazamana, mume na mchumba wa zamani, kama mbwa wawili waliogombania mfupa wakakuta umechukuliwa na fisi.

"Kule Msowero, kwa mama yake, Yudith ana jirani fundi cherehani," Octavian akasema taratibu.

"Anselmi? Yule ana mke."

"Na wewe una mke."

Sendeka alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, anachokonoa meno. "Marko," akasema, "weka chako."

"Changu cha nini?"

"Weka tu. Siku ile gulioni Msowero, wewe na mimi tunabishana juu ya yule beberu wangu, mkeo si alikuja akakuvuta mkono? Ukaenda pale kwa mtu wa mwavuli huku umenigeuzia shingo, unaniambia beberu ana kikohozi. Ukarudi ukaniuliza tulifikia wapi."

Marko alikumbuka beberu. Alikumbuka kikohozi. Kisha, kama mtu anayeona kitu chini ya maji yakitulia, akakumbuka mkono wa Yudith umemshika kifundo cha mkono, na sauti yake: weka kidole hapa, mume wangu, kitambulisho changu hakijatoka. Na yeye akaweka. Hakutazama hata anaweka juu ya nini.

Alisogea mezani. Akaweka kidole.

Nyekundu.

"Pumba," Goodhope akasema. "Una unga mpaka kwenye mistari. Lete hapa." Akamshika kidole, akakitia maji ya chupa, akakisugua kwa ncha ya kanga yake kama anaosha kikombe. "Bonyeza, usiogope, hakiumi."

Kijani.

"Marko Valentino," Goodhope akasoma. "Mkazi wa Tindiga, Kilosa. Laini ni yako miaka yote. Sasa umesafiri mpaka Mikumi kuleta vidole vya watu kwa ajili gani?"

Basi, wajukuu, jibu mmelipata, mji wenu mmeuokoa. Kidole chake mwenyewe.

Marko alisimama pale, aibu na furaha zinapigana shavuni. Uirudishe kwa mkono wako mwenyewe, Yudith alisema. Alikuwa anampa ufunguo, naye akausikia kama tusi. Mwanamke yule aliichukua laini ya mchumba wa zamani akaiandikisha kwa jina la mumewe, kimya kimya, wala hakutaka sifa. Marko alitamani apae mpaka Msowero.

Lakini pampu kwanza. Goodhope akampa laini mpya yenye namba ileile, Marko akaitia kwenye simu yake mwenyewe, wakarudi dukani. Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa mbuga.

"Nawaomba benki watume namba upya," Octavian akasema, akibonyeza kompyuta yake. Sauti yake ilikuwa nyepesi tena, ya shati jeupe. "Ikifika unisomee upesi, haikai muda. Duka la wenzetu linakaribia kufunga."

Simu ya Marko ikaamka. Kwanza ziliingia taarifa za waliompigia Yudith tangu asubuhi laini ikiwa imekufa. Mama mkwe, wala si ajabu. Halafu Octavian. Halafu Octavian. Halafu Octavian tena, mpaka kioo kikajaa, Marko akawa anasukuma juu kwa kidole na hafiki mwisho.

Mtu anayetaka namba moja tu hapigi hivyo.

Kisha ujumbe wa benki ukaingia. Ndugu Octavian. Namba yenyewe hiyo hapo, inameta.

"Imefika?" Octavian akauliza, vidole vimesimama juu ya kompyuta.

Marko alifunika simu kwa kiganja. Akatazama rafu nyuma ya Octavian. Maboksi yale madogo, stempu za ng'ambo, vumbi. Akazunguka meza bila kukaribishwa, akashusha moja, akachana karatasi. Kioo cha pembeni cha gari dogo. Akashusha jingine. Kioo kilekile. La tatu lilikuwa na tochi isiyozidi kidole cha mtoto.

"Wateja wako wa malori wanaweka wapi hivi vioo?"

"Weka chini, shemeji. Nisomee namba."

"Mke wangu husimama nje jioni anasema saba, tatu, andika. Nilidhani ni mara moja moja. Maboksi haya yote kila moja lilikuwa na namba yake, sivyo?"

"Namba inakufa, Marko. Pampu itakwenda. Unataka pampu au hutaki?"

"Naitaka." Marko aliisikia sauti yake imetulia, akaishangaa. "Na mke wangu namtaka. Nina swali lako nimelibeba toka Tindiga, ukalikwepa kwa mkanda wa feni. Nijibu, ndipo nikusomee. Benki iko ng'ambo ya barabara. Kwa nini hujabadilisha namba?"

Sendeka alikuwa mlangoni, ameacha kuchokonoa meno. Nje lori likapiga honi, likapita. Octavian alitazama kioo kile cha gari dogo mkononi mwa Marko, na safari hii tabasamu lake halikupata pa kukaa.

"Sina gari dogo," akasema. "Wala vioo sivihitaji. Lakini nikinunua kitu, namba inakwenda kwake, inabidi nimpigie, naye inabidi apokee. Siku nikivuka hiyo barabara kubadilisha, sitakuwa tena na sababu ya kuisikia sauti yake."